Chumba Namba Nne na Mbwa Mstaafu

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na likipatikana neno moja la uongo ndani yake nitalipa mimi mwenyewe, na atakayenikamata achague malipo. Nasema mapema kwa sababu hapa Clegden wapo watu wenye tabia mbaya ya kuniuliza, "Kwani ulikuwepo?" kila ninapofungua mdomo. Nilikuwepo. Nyumba yangu na ya Trevor Haslam zinatenganishwa na uzio wa miti tu, na masikio yangu yangali mazima.

Basi, Trevor. Trevor alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha pamba, kama baba yake, na mama yake alifuma humo humo miaka thelathini na minane. Kiwanda kilifungwa zamani. Bomba lake la moshi liliangushwa watu wakasimama barabarani wakilia kama wamefiwa, na pale lilipokuwa sasa wanauza mazulia. Lakini Wiki ya Kiwanda haikufungwa. Enzi zile, Jumamosi ya kwanza ya Julai mitambo ilizimwa, na mji mzima ukapanda treni kwenda Blackpool kupigwa na upepo wa bahari siku saba. Leo hakuna mtambo wa kuzima. Hata hivyo, ikifika Jumamosi hiyo, sisi wa rika letu tunafunga mapazia, tunamwambia mtu wa maziwa asilete, na tunaondoka, kana kwamba tukibaki nyumbani msimamizi atakuja kutufokea.

Trevor na mkewe Glenda walifikia kwa Bi Pilling, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na kimoja. Chumba namba nne kina dirisha la bahari. Namba kumi na moja kina dirisha la mapipa ya taka, na kiko juu ya jiko, kwa hiyo mtu anaamka ananuka soseji kabla hajala hata moja. Mama yake Trevor alilala namba kumi na moja kila mwaka wa maisha yake ya kazi. Kila mwaka alimuuliza mama yake Bi Pilling, mwenye nyumba wa enzi hizo, "Na namba nne je?" Na kila mwaka alijibiwa, "Kuna foleni, mama." Alikufa akiwa kwenye foleni. Trevor akarithi nafasi yake, akangoja, akafikisha miaka hamsini, na hatimaye akakabidhiwa ufunguo. Usiku wa kwanza hakulala. Aliketi dirishani akitazama maji kwa niaba ya mama yake.

Sheria ya Bi Pilling ni moja: anayeruka mwaka mmoja anarudi mkiani. Hakuna ugonjwa, hakuna msiba. Na waliokuwa nyuma ya Trevor kwenye foleni hiyo hatuna haja ya kuwataja hapa.

Alikuwa amelala namba nne miaka ishirini na miwili, bila kukosa, siku Glenda aliporudi kutoka sokoni akaweka kabichi mezani na kusema:

"Trevor, nimeegemewa."

"Na nani?"

"Doris."

"Doris gani? Wa duka la dawa?"

"Huyu ana miguu minne."

Trevor akafikiri. "Basi si yeye."

Doris alikuwa mbwa wa mbio. Mwanamke mmoja, Bi Duckworth, ana makao ya mbwa wastaafu nyuma ya uwanja wa zamani wa mashindano, na kila Alhamisi huwaleta wanne sokoni, wamevaa makoti kama wazee wa kanisa, ili watu wawaone na pengine wawachukue. Uwanjani Doris aliitwa Radi ya Kaskazini. Yule sungura wa bandia wanayemfukuza mbwa uwanjani, siku moja Doris alimpita, akafika mwisho, akalala kidogo akimngoja. Nilikuwepo. Lakini sasa alikuwa na miaka minane, mweusi, mvi mdomoni, na miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita watu wakimtazama na kuchagua wengine.

Mbwa wa aina hii hawezi kukaa kitako. Mapaja yake hayataki. Akichoka, au akimpenda mtu, anakuja kando yake taratibu na kumwegemea kwa uzito wote, kama mlevi kwenye nguzo. Glenda aliegemewa mbele ya meza ya jibini, jibini ikasahaulika.

"Jumapili saa nane mchana kuna mume na mke wanakuja kumwona kutoka Preston," alisema. "Si Jumapili hii. Ile ijayo."

"Vizuri. Preston watu wazuri."

"Trevor."

"Nimesema nini?"

"Namtaka mimi."

Trevor aliinuka akaenda kwenye kalenda ukutani. Wiki ya Kiwanda ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu tangu Januari, mara mbili, isije ikatoroka. Ilikuwa katikati ya Juni.

"Tutamchukua tukirudi," alisema. "Tarehe kumi na mbili Julai. Hata tarehe kumi na moja jioni, kama treni haikuchelewa."

"Tarehe kumi na mbili atakuwa Preston anaangalia televisheni ya watu."

"Basi tumchukue kesho, twende naye Blackpool."

Glenda alikuwa ameshapiga simu. Bi Pilling alimsikiliza vizuri, kisha akasema, "Nyumba yangu haiingii mbwa, mpenzi."

"Hata mpole? Hata mstaafu?"

"Glenda, nimemvumilia Trevor miaka ishirini na miwili. Nafasi ya wanyama imejaa."

Trevor aliposimuliwa akatikisa kichwa kwa heshima. Alimpenda Bi Pilling. Kisha akajaribu njia ya tatu. "Au wewe ubaki na huyo mbwa, halafu mimi niende pe…"

Glenda alimtazama. Sentensi ile iligeuka ikarudi ilikotoka.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na mazungumzo ya pembeni tu. Trevor akiomba chumvi, Glenda anamjibu, "Iko hapo, dirishani." Akiuliza soksi zake ziko wapi, anaambiwa, "Zimewekwa kwenye foleni." Akaoga, akatoka, akakuta mkewe ameegemea mlango, uzito wote upande mmoja, anamtazama kwa macho makubwa.

"Acha hiyo," Trevor akasema.

"Nafanya mazoezi. Nikifa uchukue mwingine anayejua."

Hatimaye Trevor akakubali Bi Duckworth aje kukagua nyumba. Kukagua si kukubali, alisema; mtu anaweza kukaguliwa tu kwa ajili ya afya yake. Mkaguzi akaja Ijumaa, siku mbili kabla ya watu wa Preston, na mvua ilikuwa inanyesha ile yetu nyembamba isiyo na mwisho. Ni mwanamke mrefu, naye mwenyewe amekonda kama mbwa wake, na anatembea na daftari na kamba ya kupimia. Akapima uzio. Akapiga magoti kwenye tope akatafuta matundu. Akaingia ndani akagonga kioo cha mlango wa nyuma.

"Bandikeni karatasi hapa," alisema. "Hajawahi kuona kioo. Wala ngazi. Wala mashine ya kufulia. Amezaliwa kwenye banda, amekulia kwenye banda, kila kitu humu kwake ni kama mwezini. Ndiyo maana tuna sharti. Wiki sita za kwanza mnalala naye paa moja kila usiku, nyinyi wawili, si jirani wala si shangazi. Mna safari yoyote karibuni?"

Sasa hapo mjue jambo moja. Trevor alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo, kwa siri, bila kumwambia hata Glenda. Kwa siku nane alikuwa amechekwa, na zaidi ya kuchekwa, alikuwa amemsikia mkewe akiimba jikoni jina Doris. Akaamua kuvipata vyote viwili: mbwa leo, Blackpool baadaye, na katikati yake uongo mdogo. Sanduku la safari, ambalo yeye hulipanga tangu Mei, alilifunika kitambaa na kuweka chungu cha maua juu yake likawa meza. Picha ishirini na mbili za yeye na Glenda mbele ya mlango wa Bi Pilling, zilizopanda na ngazi ukutani, alizigeuza zote zikatazama ukuta.

"Safari?" alisema. "Sisi? Mara ya mwisho kusafiri nilikwenda posta."

Glenda akafungua mdomo, akaona ile meza mpya yenye magurudumu, akaufunga.

Bi Duckworth akaandika kitu. Mkono wake ulikuwa unakaribia kabisa kutia sahihi. Na ndipo sauti ikaja kutoka juu ya uzio, sauti kubwa ya kuamsha maiti:

"Trevor ee! Sanduku umeshafunga? Wiki mbili tu, tuko Blackpool!"

Huyo alikuwa mzee Ormerod wa upande wa kushoto, Mungu amrehemu, mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na kitasa. Hakukusudia baya.

Bi Duckworth alifunga daftari. Akaenda ngazini, akageuza picha ya kwanza, akaitazama, akageuza ya pili.

"Mlipendeza," alisema. "Sikukasirikii, Bwana Haslam. Wengi hufanya hivi. Nenda na mkeo, furahini, mrudi. Pengine mwingine atakuwepo. Doris siwezi kumweka. Wale wa Preston hawana safari. Wana paka tu." Mlangoni akageuka. "Na hiyo meza yenu inavuja soksi."

Trevor alingoja mkewe ampasue. Glenda hakupasua mtu. Alipanda ngazi moja moja akigeuza zile picha zirudi kutazama watu, akizifuta kwa ncha ya aproni, na alipofika ya mwisho akakaa pale juu.

"Unajua nilimwogopa mama yako," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza kuja Blackpool na ninyi. Nikaingia chumbani kwake asubuhi, yale mapipa yananuka, nikamkuta ameketi anayatazama huku anakunywa chai. Anacheka. Kuna paka wawili walikuwa wanapigania kichwa cha samaki. Akaniambia, keti hapa mwanangu, tunatazama ndondi bure."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza kuhusu namba kumi na moja. Siku zote ni namba nne."

Jumamosi asubuhi Trevor aliaga anakwenda kununua misumari. Fundi wa mitambo aliyestaafu hana upungufu wa misumari. Ana makopo kumi na tisa. Glenda akamwambia, "Nenda tu, tusije tukalala bila msumari," na akamtazama kutoka dirishani akipanda basi linaloelekea upande usio na duka.

Alimwambia Bi Duckworth amekuja kuomba radhi. Bi Duckworth alisema radhi imepokelewa, na kwa kuwa ana mabanda ya kuosha, je, angeweza kumshikia Doris kamba dakika moja?

Trevor akashika kamba. Doris alimtazama, akatazama mbali, akahama hatua moja, na akaegemea.

Watu wanaoegemewa wanajua shida yake: ukisogea, mbwa anaanguka. Trevor hakusogea. Dakika kumi zikapita. Mguu ukafa ganzi. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kumsimulia Doris kuhusu dirisha: jinsi asubuhi maji yanavyokuwa ya kijivu, kisha ya fedha, kisha ya kijivu tena, maana ni Blackpool. Akamsimulia kuhusu mama yake. Doris akaanza kugonganisha meno kwa sauti ndogo, ambayo kwa mbwa wa mbio si baridi wala hasira, ni furaha imekosa pa kutokea. Alisimama pale dakika arobaini kamili, na ndege mmoja akaanza kujenga kiota kofiani mwake. Alikuwa ameleta vijiti vitatu.

Alifikiri kwamba atakwenda namba nne, atafungua dirisha, na maji yatakuwepo. Na Glenda atakuwa nyuma yake kitandani anasoma gazeti, hasemi kitu. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kumsikia hasemi kitu.

"Bi Duckworth," aliita. "Una simu hapo? Niletee wewe. Mimi sitembei."

Bi Pilling alipokea kwenye mlio wa tatu. Trevor alimwambia mwaka huu hawatakuja.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Trevor, sheria unaijua. Ukitoka umetoka. Mimi nafuata orodha."

"Fuata," Trevor alisema. "Mpe anayefuata. Mwambie dirisha lina kokoto kwenye reli, alinyanyue kwanza ndipo alisukume."

Akakata simu, akamrudishia Bi Duckworth, akasema kwa hasira kabisa, "Sasa? Sahihi iko wapi? Au mnangoja Preston?"

Walirudi kwa basi, mzee na mbwa, mbwa akiwa amesimama kwenye nafasi ya viti vya magurudumu akimwegemea abiria mmoja baada ya mwingine. Glenda alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshabandika karatasi kwenye kioo, na blanketi lilikuwa limetandikwa.

"Misumari umepata?" aliuliza.

"Walikuwa na mmoja tu. Mrefu."

Wiki ya Kiwanda ikaja, Clegden ikawa tupu, na wao wakabaki. Jumamosi ile Trevor alizungukazunguka kama kuku aliyepotelewa. Mchana Glenda akamwita juu. Doris hakuwa anajua ngazi, kwa hiyo Trevor alimpandisha kwa kuweka mguu mmoja mmoja na kusukuma matako, robo saa nzima, akitukana kwa upole. Chumbani Glenda alikuwa amesogeza viti viwili dirishani, na kwenye sahani palikuwa na soseji. Nje palikuwa na duka la mazulia na maegesho ya magari, na mvua.

"Namba kumi na moja, bwana," alisema Glenda. "Keti. Tunatazama ndondi."

Paka hawakutokea. Lakini mtu mmoja alijaribu kuingiza zulia la mita tano kwenye gari dogo, na ilimchukua karibu saa nzima, na Trevor alicheka mpaka Doris akaamka.

Hadithi yangu iliishia hapo. Niliinakili vizuri kwenye daftari na siku chache kabla ya Pasaka nikampelekea Glenda aisome, ahakikishe mambo ya mbwa sijakosea. Alisoma mezani kwake, miwani puani, penseli mkononi. Trevor alikuwa anakunywa chai. Doris alilala kwenye kochi, miguu juu, kama kitanda kilichopinduliwa.

"Huyu Ormerod," alisema Glenda.

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Alikufa miaka mitatu kabla sijamwona Doris."

"Ala! Kweli? Miaka inakimbia."

"Na alikuwa na ugonjwa wa koo, mtu wa watu. Miaka kumi aliongea kwa kunong'ona." Akageuza ukurasa. "Na hawa waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni, ambao hatuna haja ya kuwataja. Mimi nina haja."

Nikachukua biskuti. Glenda akaisogeza sahani mbali nami, akafungua droo, akatoa kadi ya Krismasi. Ilikuwa ya Bi Pilling. Alisoma kwa sauti: "'Jirani yenu Ernest alifurahia sana namba nne. Alikaa dirishani wiki nzima, na alinyanyua dirisha kabla ya kulisukuma, kama nilivyomwelekeza.'"

"Tangu Krismasi unajua?" nikauliza.

"Tangu ile siku ya ukaguzi. Ernest, ulikuwa unakata uzio kwenye mvua, kwa mkasi wa karatasi."

Trevor alikuwa amezamisha uso kwenye kikombe. Mabega yake yalicheka yenyewe.

"Nilimtakia mema yule mbwa," nikasema. "Nilijua mkibanwa mtachagua vizuri. Niliwasaidia."

"Ulitusaidia, asante. Sasa soma mstari wako wa kwanza."

Nikausoma. Nililaani kalamu yangu.

"Nimezungumza na Bi Pilling," Glenda aliendelea. "Ukijitoa mwenyewe kabla ya Pasaka, anafuata orodha. Nikamuuliza, orodha ina watu wangapi? Akaenda kuitafuta. Hajaihesabu tangu ampe Trevor ufunguo, hutazama jina la juu tu, maana watu wenyewe wamezoea kumwogopa. Wengine wote walishakufa, Ernest. Ilikuwa na majina mawili tu, na la kwanza lilikuwa lako."

"Na la pili?"

"Haslam. Mkiani kabisa mwa foleni ya mtu mmoja."

Trevor akainua uso kutoka kwenye chai. Hili na yeye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

"Yaani miaka yote ile…" alisema.

"Yaani miaka yote ile," alisema Glenda. "Kunywa chai."

Basi nimelipa. Leo ni Jumatano ya Wiki ya Kiwanda, na Clegden nzima haina mtu wa kumsalimia. Asubuhi imefika kadi kutoka Blackpool, mwandiko wa Trevor: "Namba nne. Kuna ukungu tangu Jumamosi, hatuoni hata reli ya ufukweni. Raha tupu. Usimpe Doris jibini." Jibini ameshakula. Maneno haya ya mwisho nayaandikia juu ya jokofu, nimesimama, mguu wa kushoto umekufa ganzi, na kiti kiko pale hatua mbili tu.